Kurudi nyuma na kupishanisha miguu kwenye hoki ya barafu: mguu wa chini ndio unaosukuma

Anayetazama akiwa nje ya ukuta unaozunguka uwanja humwona beki akirudi nyuma kwa kasi, uso kwa mshambuliaji, nyonga zikiyumba kidogo kulia na kushoto. Akiingia barafuni mwenyewe anaanza kuyumbisha nyonga, na hasogei. Kwenye kona ni vilevile: ameona mguu mmoja ukipita juu ya mwingine, naye anauinua wake, anaupitisha, anatua, na kasi inapungua badala ya kuongezeka. Katika mambo haya mawili macho yanadanganya. Mguu unaoonekana ukihangaika mara nyingi unarudi tu mahali pake. Kazi inafanywa na ule ulio chini yako, uliokunjwa goti, uliolalia makali ya upande mmoja wa chuma.

Kwa hiyo tuanze na chuma chenyewe. Kiatu cha hoki kina chuma chenye unene wa milimita 3 hivi, na katikati ya unene huo fundi anayenoa anachimba mfereji mwembamba kutoka mbele hadi nyuma. Mfereji ndio unaoacha makali mawili: ya ndani, upande wa kidole gumba, na ya nje, upande wa kidole kidogo. Viatu vingi hunolewa kwa mfereji wa nusu inchi, yaani duara lenye nusu kipenyo cha milimita 12.7, na kwa anayejifunza hicho ni kipimo kizuri. Mfereji wenye kina zaidi unang'ata barafu mno, kusimama kunakuwa kwa kushtukia. Ule wa kina kidogo unateleza vizuri lakini kwenye kona unaweza kukutupa.

Chuma hicho pia kimepinda mbele na nyuma. Ukikiweka juu ya meza bapa utaona kinagusa sentimita chache tu za katikati. Hapa ndipo wanaotoka kwenye skeiti za magurudumu wanapopata shida, na Nairobi hao ndio wengi: uwanja wa barafu wa Panari kwenye Barabara ya Mombasa ulifunguliwa mwaka 2005, timu ya hoki ya Ice Lions ikazaliwa humo, lakini mtu wa kawaida mjini hujifunza kwanza juu ya lami. Magurudumu manne yaliyopangwa usawa mmoja yanakubeba mbele na nyuma, ukiegemea kisigino yanavumilia. Chuma cha barafu hakivumilii. Ukirudisha uzito nyuma kidogo tu, kinabiringika hadi mkiani na wewe unakaa chini bila kupenda. Habari njema ni kwamba kupishanisha miguu kulikofunzwa vizuri kwenye magurudumu kunahamia barafuni karibu kulivyo. Kinachopaswa kufundishwa upya ni kusimama na mahali pa kuweka uzito.

Kabla ya kuingia, kagua makali. Pindua kiatu, chuma kikitazama juu, weka sarafu au rula fupi juu yake kwa kukikatiza. Ikilala ikiinama upande mmoja, makali hayalingani, na hakuna zoezi litakalokusaidia: utapinda vizuri kushoto, kulia kiatu kitakuteleza, na utajilaumu bure. Kisha pitisha ukucha kwa upole juu ya makali kwa kuyakatiza. Yakikwangua unga mwembamba wa ukucha, ni makali. Yakiteleza, ni butu. Viatu vya kukodi huwa butu mara kwa mara kwa sababu watu hutembea navyo sakafuni, nje ya mpira uliotandikwa. Mwombe anayevitoa akupe vilivyonolewa karibuni. Kufunga kamba: kaza sana sehemu ya kifundo cha mguu ili kisigino kisicheze, lakini tundu la juu kabisa legeza au liache. Ukilikaza hilo, goti halikunjiki, na goti lisilokunjika ndilo chanzo cha karibu kila kosa nitakalolitaja.

Kofia ya kinga si ya mechi tu. Anayejifunza kurudi nyuma huanguka chali, na kisogo ndicho hufika chini kwa nguvu. Ukihisi unakwenda, kaa: shusha makalio upande mmoja, kidevu kifuani, vidole vikunje ngumi ili visipitiwe na chuma cha mwenzako.

Mkao sasa. Miguu upana wa mabega, magoti yakunje mpaka ukitazama chini goti linaficha ncha ya kiatu. Pembe kati ya paja na muundi iwe kati ya nyuzi 90 na 110. Kifua juu, makalio chini. Wengi wakiambiwa wajikunje wanainamisha mgongo na kuacha magoti yamenyooka. Uzito unahamia kwenye ncha ya chuma, na ukirudi nyuma unasikia kwe-kwe-kwe, ncha inakwaruza na kila mkwaruzo unakula kasi. Uzito ukae chini ya kitako cha vidole, nyuma ya vidole vyenyewe, na kisigino kisinyanyuke. Kichwa kisiiname. Kikiinama, mabega yanakifuata na mkao wote unavunjika.

Hatua ya kwanza ya kurudi nyuma hata haihitaji kusukuma. Shika ukuta, jisukume taratibu, teleza kwa miguu miwili ukiwa umekaa hivyo mpaka usimame mwenyewe. Rudia hadi uache kutafuta ukuta kwa mikono. Halafu anza na miguu miwili pamoja: ncha za viatu zikaribiane, visigino vitazame nje, kandamiza makali ya ndani ya miguu yote miwili. Utajikuta unarudi nyuma huku miguu ikitanuka. Ikipita kidogo upana wa mabega, geuza visigino ndani na uikusanye. Alama inayobaki kwenye barafu ni umbo la yai, kisha jingine, kisha jingine. Magoti yanakunjika zaidi wakati miguu inatanuka na kuinuka kidogo ikikutana. Mapaja ya ndani yatauma, na yanapaswa kuuma. Asiyeumia hapo anateleza tu kwa msukumo wa ukuta.

Zoezi la mayai likikaa sawa, gawa kazi: mguu mmoja mmoja. Tafuta mstari wowote uliochorwa barafuni, weka mguu wa kushoto juu yake, goti limekunjwa, na huo usiondoke mstarini. Mguu wa kulia ndio utakaokata. Uanze chini ya nyonga kabisa, sambamba na wa kushoto. Geuza ncha ndani ili kisigino kitoke nje, lalia makali ya ndani, mwaga uzito juu yake, kisha usukume kwenda pembeni na mbele kwa nusu duara mpaka mguu unyooke wote. Msukumo unaanza na chuma kizima na unamalizikia sehemu ya mbele, chini ya kitako cha vidole. Mguu ukishanyooka hamishia uzito kwenye wa kushoto, geuza kisigino ndani, rudisha mguu chini ya nyonga. Chuma hakiondoki barafuni tangu mwanzo hadi mwisho.

Sehemu ya mwisho, kurudisha, ndiyo inayodharauliwa, na mimi naona ndiyo inayotenganisha anayerudi nyuma kwa nguvu na anayetapatapa. Mguu ukirudi nusu njia, msukumo unaofuata unaanza mbali na mwili. Uzito haupo juu yake, hivyo haukandamizi kitu. Baada ya misukumo minne miguu imetanuka, mtu anayumba katikati kama mlango wenye bawaba mbovu, na nyonga zinafanya ile dansi inayoonekana kutoka nje. Viatu vipishane karibu kugusana kila vinapokutana chini yako. Ukitaka kulazimisha hilo, piga kisigino cha ndani cha kiatu kimoja kwenye kingine kila mguu unaporudi. Kugusana kwenyewe si lengo, ila usiposikia mguso ujue umerudisha nusu.

Kosa la pili ni kusimama juu ya mguu unaobeba. Urefu wa msukumo unategemea goti la mguu mwingine: ukilinyoosha, mguu unaokata hauna pa kwenda, unaishia sentimita 20 na kurudi. Ukiona mtu anapiga misukumo mingi mifupi na haendi, usimwangalie mguu unaopiga, mtazame ule uliobaki.

Alama za barafuni ni mwalimu asiyechoka. Subiri mashine ya kusafisha imalize, barafu ikauke, uwe wa kwanza kuingia. Kata mara tano kwa mguu mmoja, simama, rudi ukatazame. Pale kiatu kilipokuwa wima utaona mistari miwili myembamba sambamba, makali yote mawili yamegusa. Pale ulipolalia makali ya ndani mstari unakuwa mmoja, mkavu, umeingia ndani. Msukumo mzuri unaacha mstari mmoja unaopinda vizuri na kuzidi kina karibu na mwisho. Ukiona mkwaruzo mpana wenye theluji pembeni, chuma kimeburutwa ubavu: uligeuza kisigino kupita kiasi au ulisukuma kabla ya kuweka uzito. Ukiona mistari miwili njia nzima, hukulalia makali hata kidogo, ulikuwa unapapasa barafu.

Kusimama ukiwa unarudi nyuma ni rahisi kuliko kusimama ukienda mbele. Visigino ndani, ncha nje, makali ya ndani ya sehemu ya mbele yakandamize, kifua kisogee mbele kidogo. Jifunze hili mapema kabla kasi haijakuzidi.

Kupishanisha miguu kwenda mbele kunaanzia kwenye duara. Duara la kuanzishia mchezo lina nusu kipenyo cha mita 4.5 hivi, na ndilo kipimo kinachofaa. Kama uwanja hauna alama zinazoonekana, panga glavu nne. Tuseme unazunguka kwenda kushoto, kinyume cha mwendo wa saa. Mguu wa kushoto, wa ndani ya duara, utalalia makali ya nje. Wa kulia utalalia makali ya ndani. Kwa kuwa watu wachache hulalia makali ya nje katika maisha yao ya kawaida, huo wa kushoto ndio mgeni, na huo ndio wa kuufundisha kabla ya kuvuka chochote. Chukua kasi kidogo, ingia kwenye duara, inua mguu wa kulia, teleza juu ya wa kushoto peke yake ukifuata mstari. Mpaka uweze kukaa hivyo nusu duara bila kuweka mguu wa pili chini, kuvusha mguu ni kujidanganya.

Kisha misukumo miwili. Wa kwanza unaeleweka: mguu wa kulia unasukuma nje ya duara kwa makali ya ndani mpaka unyooke. Sasa unarudi na kuvuka mbele ya wa kushoto. Wakati unavuka, wa kushoto hausubiri. Unasukuma kwa makali ya nje, kuelekea nje ya duara, ukipita chini ya mwili na nyuma ya mguu wa kulia, mpaka nao unyooke. Huu ndio msukumo wa pili, na mwanafunzi akiwa na haraka ndio anaouruka. Anauinua mguu wa kushoto mara tu wa kulia unapotua, kana kwamba anapanda ngazi kwa ubavu. Amepishanisha, lakini amesukuma mara moja tu kila mzunguko wa hatua.

Dawa ni kuganda. Vusha mguu wa kulia, sukuma wa kushoto chini yako hadi unyooke, kisha baki hivyo, miguu imepishana, chuma cha kushoto kingali kimegusa barafu nyuma na nje ya mwili, hesabu mbili. Ukianguka hapo, ulikuwa umeuegemea mguu ambao sasa unasukuma. Uzito ulipaswa kuwa umeshahamia kwenye wa kulia. Baada ya duara kadhaa za kuganda, ondoa hesabu, ule unyookaji ubaki.

Mguu unaovuka usipande juu. Upite karibu na barafu, ukatue mbele ya ncha ya mwenzake na ndani kidogo ya duara, chuma kizima kwa pamoja. Ukitanguliza ncha, inachoma barafu na unaanguka kifudifudi. Na usiuvushe mbali mno: hatua kubwa inainua mwili, goti linanyooka, na unaanza upya kukaa.

Halafu kuegemea. Kinachoingia ndani ya duara ni nyonga na magoti. Mabega yabaki karibu usawa na barafu. La ndani likishuka, uzito unatoka kwenye makali na mguu wa ndani unateleza kwenda nje bila taarifa. Kifua kitazame ndani ya duara, mkono wa nje uwe mbele. Na kuegemea kunatakiwa kulingane na kasi. Anayeogopa huenda polepole, na ukiwa polepole huwezi kuegemea, usipoegemea makali ya nje hayashiki, yasiposhika unaogopa zaidi. Ongeza kasi kidogo kuliko unavyopenda. Nasema hivi nikijua maana yake kwa magoti na viwiko; ndiyo maana kuna kinga.

Pande zote mbili zifanyiwe kazi. Viwanja vingi vya barafu huwazungusha watu kinyume cha saa wakati wa kuteleza kwa umma, kwa hiyo kila mtu anatoka na upande wa kushoto ulioiva na wa kulia mbichi. Fanya wa kulia kwanza, miguu ikiwa haijachoka, na uupe duara mbili kwa kila moja ya kushoto. Kwenye uwanja mfupi kuliko ule wa kimataifa wa mita 60, kama ilivyo Nairobi, kona inafika kabla hujamaliza kupumua, na mwenye upande mmoja anajulikana haraka.

Kupishanisha ukirudi nyuma ni ndoa ya haya mawili, na aliyekamilisha yote mawili huchukua muda mfupi kulipata. Zunguka ukirudi nyuma, mguu wa nje ukate ule mkato wa nusu duara, lakini badala ya kuurudisha chini ya nyonga yake, uburute moja kwa moja mbele ya mguu wa ndani hadi uvuke. Usiuinue, unapita juu ya barafu yenyewe. Wakati huohuo mguu wa ndani unasukuma kwa makali ya nje, ukipita chini ya mwili kwenda nje ya duara. Ukishanyooka, unyanyue kidogo na uutue tena ndani ya duara, mbali kadiri goti linavyoruhusu, kana kwamba unaufikia mstari ulio pembeni yako. Kule kufikia kunakupa nafasi ya mkato unaofuata. Asiyefikia anapishanisha mahali pamoja, akijizungusha kuliko kusogea.

Tazama juu ya bega la ndani kuona unakoelekea. Wengi huanguka hapa kwa kutazama miguu, kwa sababu mabega yanafunga na nyonga haziwezi kugeuka.

Fimbo mwanzoni iache kando, mikono iwe huru. Ukiirudisha, ishike kwa mkono mmoja ule wa juu, bapa lake barafuni mbele yako. Mikono miwili kwenye fimbo wakati wa kurudi nyuma inakuvuta mabega mbele na kuzizuia nyonga.

Sasa, wakati wa mechi, lini upishanishe na lini ukate tu? Kwa beki hili ni swali la usalama. Ukiwa umepishanisha miguu ukirudi nyuma, kwa kitambo hicho umeshajitolea upande mmoja. Huwezi kwenda wa pili mpaka miguu iachane. Mshambuliaji mzuri anasubiri hasa kitambo hicho. Kwa hiyo pishanisha wakati yuko mbali, mara mbili au tatu, kuchukua kasi ilingane na yake. Anapokaribia urefu wa fimbo mbili, rudi kwenye mikato, miguu sambamba, na utazame kifua chake badala ya kisahani, kile kipande cha mpira mnachogombea. Kisahani kinaweza kwenda kulia wakati yeye anakwenda kushoto, kifua hakiwezi. Fimbo yako ndiyo inayokupimia umbali: bapa lake likianza kufikia kisahani bila wewe kunyoosha mwili, uko mahali pake. Akikata kwenda ukutani, usijaribu kumfuata kwa kupishanisha miguu ukiwa bado unarudi nyuma, kwa kuwa anayekwenda mbele atakupita tu. Fungua nyonga ya upande huo, weka ncha ya kiatu ikitazama anakoelekea, geuka umkabili ubavuni, na msukumo wako wa kwanza baada ya kugeuka uwe ule wa makali ya nje, chini ya mwili.